Nilibadilisha sensor za upepo wa matairi kwenye pickup ya zamani, kisha nikamnyang'anya shemeji ufunguo

Saa 1:10 asubuhi, nikitoka Chumbi na magunia ya mpunga, taa ya njano iliwaka kwenye dashboard ya pickup yangu. Ni ile yenye umbo la tairi lililokatwa, katikati ina alama ya mshangao.

Wakuu, heshima kwenu nyote. Nitaeleza kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema.

Huu ni uzi wa sensor za matairi kwenye gari la zamani. Ila mnivumilie, maana mbele ya safari nililazimika kuamua kama shemeji yangu ni mwongo, na kazi yake ilitegemea jibu hilo.

Mimi naishi Kibiti. Natengeneza pampu za maji na mashine za kukoboa. Sikusomea ufundi chuoni, nimejifunza kwa kusoma manual na kufungua vitu vilivyokufa.

Pickup ni double cabin iliyokuja kutoka nje ikiwa imeshatumika. Anayeiendesha siku nyingi ni Shabani, mdogo wake mke wangu. Anabeba kaa kutoka delta kuwaleta Bungu, ambako wanunuzi wa Dar wanawasubiri barabarani. Wakati wa mavuno anabeba mpunga na mchele. Ana mke na watoto, na gari hilo ndilo jiko lao.

Tuanze na taa.

Siku ile nilisimama pembeni nikapima matairi yote manne kwa geji. Upepo ulikuwa sawa. Nikaendelea na safari, taa ikabaki inawaka.

Siku zilizofuata niliona jambo moja. Kila nikiwasha gari, taa inapepesa kwa muda wa kama dakika nzima, ndipo inatulia na kubaki inawaka.

Kwa asiyejua: taa ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, kuna tairi limepungua upepo. Ikipepesa kwanza ndipo itulie, mfumo wenyewe unaumwa. Gari linakwambia kwamba halisikii tena matairi yake.

Sababu kwenye magari ya umri huu ni moja mara nyingi. Ndani ya kila rimu, nyuma ya valvu, kuna kidude chenye betri ndogo kinachopima upepo na kurusha taarifa. Betri imefungiwa humo humo, haibadilishwi. Ikifika miaka kumi hivi, inakufa. Na kwa kuwa zote zilizaliwa siku moja, ikifa ya kwanza nyingine hazikawii.

Wengi hapa watasema weka kipande cha solotepu nyeusi juu ya taa, maisha yaendelee. Nilifikiria hivyo pia. Kilichonizuia ni kwamba Shabani habebi kaa peke yao. Mbele na nyuma ya gari wanakaa akina mama wenye mizigo. Tairi likiisha upepo kidogo kidogo ukiwa na mzigo, hulisikii kwenye usukani mpaka limeshakatika. Nikaona taa hii ni ya kutengenezwa.

Nikaagiza sensor nne Dar. Hapa kuna mtego mmoja: sensor zinarusha kwa masafa tofauti, kuna za megahertz 315 na kuna za 433, na kwa macho zinafanana. Ukifunga isiyo yako gari halitaisikia hata uilipie dhahabu. Toa moja ya zamani kwanza, soma maandishi mgongoni, ndipo uagize.

Nikaenda kwa Kassim, fundi wa pancha hapa Kibiti. Alipofungua tairi la kwanza na kuona kile kidude, alinitazama kwa huruma.

"Baba Salma, hiki ndani ni mzigo tu. Natoa, naweka tyubu, unaenda zako."

"Nimeagiza vinne vipya, we unataka kunitolea kimoja kibovu?"

Jamaa mmoja aliyekuwa anasubiri pikipiki yake akasema, "Mwache, Kassim. Mzee anataka tairi limpigie simu."

Wakacheka. Nilicheka pia, kwa sababu kwa kweli ndicho nilichokuwa nataka.

Nilimwomba Kassim aanze kulibandua tairi upande ulio mbali na valvu, kwa kuwa chuma kikipita pale kinavunja sensor. Alinung'unika kidogo kisha akafanya vizuri. Sikuvunjiwa hata moja.

Kosa langu siku hiyo lilikuwa jingine. Kila sensor ina namba yake, na lazima namba hizo ziingizwe kwenye kompyuta ya gari kwa scan tool, kile kifaa cha gereji kinachosoma kompyuta hiyo. Nilipiga picha namba tatu, ya nne nikasahau, tairi likafungwa. Kassim alilifungua tena akiimba taarabu kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Namba zikaingizwa gereji. Nikajaza matairi yote upepo wa psi 32, nikabonyeza kitufe kilicho chini ya usukani mpaka taa ikapepesa mara tatu, ikazima. Nikazunguka na gari. Taa haikurudi.

Jioni Shabani alipokuja kuchukua gari nilimwonyesha kazi yote. Nikamwonyesha na kitufe. Nilimwambia kwamba ukimaliza kazi ya matairi unabonyeza hapa, inapepesa mara tatu, inakaa sawa.

Nilisema maneno hayo na nikaridhika nayo.

"Kwa hiyo sasa gari lina macho," Shabani akasema.

"Lina macho. Ikiwaka, unasimama. Hata kama umebeba mkwe."

"Mkwe yupi, wangu au wako? Maana wako ndiye mama yangu, shemeji."

Ndivyo tulivyozoeana.

Sasa kwa walio mbali, niwaeleze njia ya delta, kwa kuwa bila hiyo hamtaelewa yanayofuata. Ukiacha lami kuelekea mashariki, unakutana na mchanga laini. Tairi likiwa gumu linachimba na kuzama. Kwa hiyo dereva wa huku akifika mwanzo wa mchanga anashuka, anatoa upepo kwenye matairi yote mpaka yanalala kidogo, 18 au hapo karibu, ndipo anaingia. Akirudi barabarani Bungu anajaza tena kwenye kompresa. Hakuna anayelifikiria jambo hili. Ni kama kuvua viatu ukiingia ndani.

Nami sikulifikiria.

Wiki kadhaa zilipita vizuri. Kisha asubuhi moja Shabani akanipigia. Alikuwa ametoka Chumbi na mchele na akina mama wanne, ameshavuka daraja na kuipita Ikwiriri, na tairi la nyuma kushoto limekwisha.

"Mtu ameumia?"

"Hakuna. Ila tairi usilitazame, utalia."

Nikapanda bodaboda nikawafuata. Gari lilikuwa pembeni kabisa mwa lami, limesimama vizuri, mzigo umeshushwa nusu. Akina mama walikuwa wamekaa juu ya magunia. Mmoja wao ni Bi Zuhura, anafanya biashara ya mchele na ya kaa, na kila safari anakaa kiti cha mbele kwa sababu hakuna aliyewahi kushindana naye.

Nikalikagua tairi. Ubavu ulikuwa umekatika mzunguko mzima. Nikaingiza mkono ndani, ukatoka na unga mweusi wa mpira.

Wakuu, unga ule ni ushahidi. Tairi likipasuka ghafla huukuti. Unga unatokana na tairi kutembea muda mrefu likiwa na upepo mdogo, ubavu unajikunja na kujisaga wenyewe. Nikapata na msumari kwenye kashata, yale meno yanayokanyaga barabara. Pancha ya taratibu kabisa. Yaani aina ileile ambayo taa inatakiwa kuiona mapema.

"Taa iliwaka wapi?" nikamuuliza.

"Iliwaka pamoja na mtikisiko, shemeji. Nikakamata usukani, nikapunguza mwendo, nikatoka pembeni."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo ilikuwa kimya."

"Shabani, tairi hili limekwenda bila upepo kilomita nyingi."

"Labda. Lakini taa ilikuwa kimya."

Bi Zuhura akaingilia. "Muulize na mimi basi. Nilikuwa mbele, sikuona kitu."

"Mama, ulikuwa unatazama dashboard?"

"Nilikuwa nimelala. Ningeona vipi kitu?"

Wenzake wakacheka, hata Shabani akatabasamu. Mimi sikutabasamu. Nilikuwa na mfumo mpya niliofunga kwa mikono yangu, na nilikuwa na unga mkononi. Katika akili yangu hesabu ilikuwa imefungwa: taa iliwaka, dereva akaona afike Kibiti kwanza.

Nikakodi gari jingine limalizie mzigo. Pickup nikairudisha nyumbani mwenyewe kwa spea tairi. Tulipofika nikamwambia Shabani aniachie ufunguo, gari litapumzika kwanza.

Akautoa kwenye mnyororo wake, akauweka juu ya boneti.

"Sawa, mzee," akasema.

Tangu nimuoe dada yake alikuwa hajawahi kuniita mzee.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akawa anachambua mchele kwenye ungo.

"Kwa hiyo mdogo wangu mwongo."

"Sijasema mwongo. Nasema tairi linaonyesha hivyo."

"Mtu akikuletea pampu haivuti maji, huwa unaanza kwa kumuuliza mwenye pampu kama anasema kweli?"

"Naanza kwa kuipima pampu."

"Basi," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Siku kadhaa gari lililala uani. Sikufanya kitu, na sina sababu nzuri ya kuwapa. Nilijua nitapima. Nadhani nilikuwa sitaki kukuta jibu la upande wowote. Kama taa ni nzima, nimempoteza mtu wa nyumbani. Kama ni mbovu, nimemdhalilisha mbele ya abiria wake. Wakati huohuo habari zilinifikia kwamba Shabani anatafuta kibarua cha kupakia mizigo kwenye malori.

Hiyo ndiyo iliyoniinua.

Kassim alinifungia tairi jipya kwenye rimu ileile, sensor yake ikiwa nzima, nikairudisha nyuma kushoto, nikapeleka gari uwanja wa mpira. Sensor hizi hulala gari likisimama, kwa hiyo kutoa upepo uani na kusubiri hakukupi jibu. Unatoa kidogo, unaendesha mizunguko, unasimama, unatazama taa, unatoa tena.

Jirani yangu alipita na baiskeli akasimama. "Baba Salma, unalifundisha gari kucheza namba ngapi?"

Nikamwambia ni golikipa.

Nilianza na tairi la nyuma kushoto, kwenye 32. Manual ya gari hili inasema taa inatakiwa kuwaka upepo ukipungua kama robo ya kiwango kilichowekwa. Kwenye 24 nilitarajia iwake. Haikuwaka. Nikazunguka zaidi. Kimya.

Nikashusha mpaka 20. Kimya. Nikashusha 16. Tairi lilikuwa limelala kiasi cha mtu yeyote kuliona kwa macho. Kimya.

Ilipokaribia 13, taa ikawaka.

Nikazima gari nikabaki nimekaa humo ndani. Shabani alikuwa amesema kweli. Kwenye lami, na mchele nyuma, taa ilikaa kimya mpaka tairi lilipokuwa linakufa.

Wazo la kwanza lilikuwa kumpigia aliyeniuzia sensor. Nilishaitafuta namba yake. Nikajizuia, kwa sababu scan tool ilikuwa imezisoma zote na kuonyesha upepo sahihi. Sensor zilikuwa zinasema kweli. Kompyuta ndiyo iliyokuwa inaona 16 ni upepo wa kutosha.

Nikafungua manual ukurasa wa kitufe, nikasoma polepole kama vile siujui. Kitufe kile hakizimi taa. Kinaliambia gari: upepo ulioko ndani ya matairi sasa hivi ndio upepo sahihi, ushike huu. Baada ya hapo gari linahesabu robo kutoka kwenye kiwango hicho.

Nikafanya hesabu kinyumenyume. Kama taa inawaka kwenye 13 na kitu, basi kiwango kilichoshikwa ni 18.

Namba 18 naijua. Kila anayeendesha mchangani huku anaijua.

Nikaenda Bungu siku hiyohiyo kwa kina Shabani. Anakaa nyumba moja na mama yake, yaani mama mkwe wangu. Mama alinikaribisha kwa heshima zote, akanitolea kiti, akatuachia ukumbi. Ila mlango wa ndani hakuufunga.

"Shabani," nikasema, "ulipokuwa mchangani, ulishawahi kubonyeza kile kitufe?"

"Nilibonyeza, ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama taa iliwaka njiani. Hukuniuliza kama nilishawahi kuizima."

Akaendelea, bila hasira.

"Nilitoa upepo kama kawaida, nikaingia mchangani, taa ikawaka. Bi Zuhura akaanza, mara tutakufa, mara nishushe. Nikafikiri, mchangani lazima iwake, na kama inawaka tu muda wote, pancha ya kweli ikija nitaijuaje? Wewe ulinionyesha ukimaliza kazi ya matairi ubonyeze. Nami nilikuwa nimemaliza kazi ya matairi. Ikapepesa mara tatu, ikazima. Bi Zuhura akanisifu njia nzima."

"Na ulipojaza Bungu?"

"Ilikuwa imezima. Ningebonyeza kitu gani?"

Wakuu, naomba mlitazame jibu hilo vizuri. Dereva asiyejali angeiacha taa iwake mpaka kiama. Huyu alikibonyeza kitufe kwa sababu alitaka taa imwambie kweli. Ndiyo sababu ileile iliyonifanya nikanunua sensor.

Nikamweleza kitufe kinafanya nini hasa. Nikamweleza uwanja wa mpira, 24, 20, 16, mpaka 13. Alisikiliza, akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo nilipojaza 32, gari lenyewe lilikuwa linanitazama tu."

"Lilikuwa linasubiri ushuke chini ya kumi na nne."

"Na mimi nina akina mama nyuma." Hilo lilimgusa kuliko ufunguo.

Nikamwambia kwamba nilimhukumu bila kupima, na kwamba nilisema mbele ya watu waliomlipa nauli. Nikasema nitamwona Bi Zuhura na wenzake mwenyewe niwaeleze. Nikauweka ufunguo mezani.

Hakuuchukua haraka. Akasema, "Ukimwona Bi Zuhura, usimwambie kelele zake ndizo zilizoanzisha. Atanishushia bei ya nauli."

Kutoka ndani mama mkwe akasema, "Shabani, chukua ufunguo wa watu, baba Salma anywe chai aondoke na mwanga."

Akauchukua. "Karibu chai, shemeji," akasema.

Nimejifunza nini. Sensor zenyewe ni kazi rahisi, mtu makini anaimaliza kwa siku moja. Lakini mfumo huu ulitengenezwa na watu ambao hawashuki kwenye gari kutoa upepo kwa sababu ya mchanga. Ukiufunga kwenye gari la huku, lazima umweleze dereva kitufe kinamaanisha nini, na si kinabonyezwaje. Mimi nilieleza cha pili nikadhani nimeeleza cha kwanza.

Sasa utaratibu wetu ni huu: mchangani taa iwake, haiguswi, na abiria wanaambiwa kabla. Kitufe kinabonyezwa Bungu tu, pale kwenye kompresa, baada ya geji kupita matairi yote. Hilo lilikuwa pendekezo la Shabani, mimi nilitaka kukikata waya kabisa. Na Bi Zuhura siku hizi yeye ndiye anayewatisha abiria wageni waiache taa.

Jambo la pili ni la wenye magari na madereva. Ushahidi wangu wa unga mweusi ulikuwa sahihi, tairi lilitembea bila upepo kilomita nyingi. Hitimisho ndilo halikuwa sahihi. Nilipima tairi, nikaacha kupima taa.

Karibuni kwa maoni na hata kukosoa. Hasa namtafuta mwenye pickup ya aina hii aliyefanikiwa kuiwekea kiwango kisichoshuka chini ya 24 hata kitufe kikibonyezwa, kwa scan tool au njia nyingine. Na mnaoendesha maeneo ya mchanga, nyie taa mnaifanyaje?

Kwa wanaopenda hesabu: tairi moja, gari la kukodi kumalizia mchele, na safari za kaa zilizokosekana pickup ikiwa imelala uani kwangu, ambazo Shabani nimemlipa sehemu yake. Hasara yote ni shilingi 640,000.